The Avengers au Justice League: ukiwa na usiku mmoja, utazame ipi?

Filamu yenye steringi mmoja ina kazi nyepesi: mfuate, mpende, mngojee ashinde. Ukirundika masteringi sita kwenye skrini moja, kila mmoja na mashabiki wake, mambo yanakuwa magumu. Nani aongee lini? Nani amwokoe nani bila kumfanya mwenzake aonekane kaja kushangaa? Na kama wana nguvu zote hizo, mbona hawamalizi kazi dakika ya kumi?

Hapa tunalinganisha tatu ambazo watu hubishania sana: The Avengers ya Marvel (2012), Justice League iliyoingia majumba ya sinema mwaka 2017, na Zack Snyder's Justice League iliyotoka kwenye huduma ya mtandaoni ya HBO Max Machi 2021. Hizo mbili za mwisho zimetokana na filamu moja. Mwongozaji Zack Snyder alipiga picha zake, kisha Mei 2017 akajiondoa kazini baada ya kufiwa na binti yake. Joss Whedon, yule yule aliyeongoza The Avengers, akaingia, akaandika upya sehemu nyingi na kupiga picha nyingine, na kazi ikabanwa ndani ya saa mbili. Miaka minne baadaye Snyder akapewa nafasi ya kutoa aliyoikusudia. Kwa hiyo tuna hadithi ile ile, waigizaji wale wale, na matokeo mawili yasiyofanana kabisa. Mwenye kutaka kujua filamu za kikosi hujengwa vipi hana darasa zuri kuliko hili.

Miisho inatajwa humu. Kama hutaki kujua nani anashinda vipi, soma jibu la haraka kisha uishie hapo.

Jibu la haraka

Mkitazama familia nzima, au kama huwajui mashujaa hawa hata kidogo, chukua The Avengers. Kama una wikendi na unapenda hadithi inayojengwa taratibu, yenye huzuni na uzito, chukua ya 2021. Ya 2017 usianze nayo kwa sababu yoyote ile.

Takwimu za msingi

The Avengers: dakika 143, muziki wa Alan Silvestri, daraja la PG-13 Marekani (tahadhari kwa watoto wa chini ya miaka 13), mapato ya dunia zaidi ya dola bilioni 1.5.
Justice League (2017): dakika 120, muziki wa Danny Elfman, PG-13, mapato ya dola milioni 650 na ushei.
Zack Snyder's Justice League (2021): dakika 242, muziki wa Tom Holkenborg anayejulikana pia kama Junkie XL, daraja la R (wa chini ya miaka 17 wawe na mtu mzima). Imegawanywa sehemu sita na hitimisho.

Kila mtu na kazi yake

Kipimo cha kwanza cha filamu ya aina hii ni rahisi. Mtoe shujaa mmoja kichwani mwako, kisha uliza kama ushindi bado unapatikana. Ukipatikana, huyo aliwekwa kupamba bango.

The Avengers inakipita kipimo hiki vizuri kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Angalia vita vya Manhattan. Lango limefunguka angani juu ya mnara wa Stark, jeshi la viumbe wa anga za mbali waitwao Chitauri linamiminika, na Captain America anagawa kazi kwa sentensi chache. Hawkeye apande paani, aangalie kila upande na kutoa taarifa. Iron Man ashike mpaka, kitakachojaribu kutoka akirudishe ndani. Thor azibe lango kwa radi. Captain na Black Widow wabaki chini barabarani. Hulk yeye anaambiwa avunje tu. Kuanzia hapo karibu kila tukio linatokana na mgao huo. Hawkeye, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, ndiye anayeona kwamba vyombo vya adui haviwezi kukata kona kali. Anamwambia Tony Stark, yaani Iron Man, na Stark anavivuta katikati ya majengo mpaka vinajigonga vyenyewe. Baadaye Hawkeye huyo huyo anamlenga Loki, adui mkuu wa filamu. Loki anaudaka mshale kwa mkono mmoja, anatabasamu, na mshale unamlipukia usoni. Mlipuko unamtupa kwenye mnara, na mnarani anakutana na Hulk. Black Widow, naye binadamu wa kawaida, anapanda juu na kulifunga lango kwa fimbo ya Loki mwenyewe. Iron Man anachukua kombora la nyuklia lililoelekezwa mjini na kulipitisha langoni. Mchomoe mmoja wao hapo, mpango wote unaanguka.

Katikati ya vita kuna picha moja ndefu inayotoka kwa Black Widow ikaenda kwa Iron Man, kwa Captain, kwa Hawkeye, ikaishia kwa Hulk na Thor juu ya mgongo wa dude la Chitauri. Imeunganishwa kwa kompyuta, wala haikupigwa mara moja, lakini kazi yake ni kubwa: inakuonyesha kwamba wote sita wako kwenye vita kimoja, na kwamba anachokiacha mmoja kinapokelewa na mwingine.

Ya 2017 inaanguka mtihani huo huo. Mwishoni kikosi kinahangaika na adui wake Steppenwolf hadi Superman anapotua. Toka hapo wenzake hawana kazi yenye maana. Tukio moja linasema yote: Flash anatoka jasho akilisukuma gari la familia moja ili kuitoa eneo la hatari, akigeuka anamwona Superman kabeba jengo zima la ghorofa lenye watu ndani. Limewekwa lichekeshe, na watu walicheka. Lakini filamu imekubali yenyewe kwamba ukiwa na Superman huhitaji kikosi.

Ya 2021 ina Superman huyo huyo na inapata dawa. Masanduku matatu yenye nguvu ambayo Steppenwolf anayatafuta yanaungana kabla Cyborg, shujaa aliye nusu mtu nusu mashine, hajayatenganisha, na dunia inalipuka. Wameshindwa, Superman akiwemo. Anayebaki ni Flash, aliyekuwa amejeruhiwa na kuchelewa. Anakimbia kwa kasi ya kuvuka mwanga mpaka muda unarudi nyuma, ardhi ikijijenga upya chini ya nyayo zake. Cyborg anaingia ndani ya masanduku, anaonyeshwa familia yake ikiwa hai na mwili wake ukiwa mzima, naye anakataa. Steppenwolf anamalizwa na watu watatu kwa mpigo: Aquaman anamchoma, Superman anampiga, Wonder Woman anamkata kichwa. Superman ana kazi, ila kazi yake ni sehemu tu ya kazi.

Sanduku moja, matoleo mawili

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu panaonyesha tofauti ya 2017 na 2021 kuliko hoja yoyote ya jumla.

Katika matoleo yote mawili kikosi kinatumia sanduku la tatu kumfufua Superman. Anaamka amechanganyikiwa, anawapiga wote. Matoleo yote mawili yanayo pia lile tukio bora la filamu nzima: Flash anakimbia, dunia imesimama, Superman kawabana wenzake watatu kama sanamu, na Flash anapopita pembeni, jicho la Superman linageuka taratibu kumfuata. Uso wa Flash unabadilika. Kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu anayemwona akiwa mbioni.

Sasa, sanduku liko wapi wakati huo? Katika ya 2017 limeachwa nje tu, hakuna anayelilinda. Steppenwolf anakuja na kulichukua. Watu watano wenye akili, mmoja wao Batman anayejitapa kwa kupanga kila kitu, wamesahau kitu pekee ambacho adui anakitaka. Mtazamaji akishaona hivyo hawaamini tena.

Katika ya 2021 sanduku liko maabara pamoja na Silas Stone, baba wa Cyborg. Steppenwolf anapokuja, Silas anajifungia chumbani na kulichoma kwa mwale wa joto mpaka kiini chake kinawaka kuliko kitu chochote duniani. Anakufa palepale mbele ya mwanawe aliyekuwa akimchukia. Dakika chache baadaye kikosi kinaelewa alichofanya: joto lile ndilo litakalowawezesha kuligundua sanduku lilikopelekwa. Wizi ule ule wa sanduku sasa umeziba pengo la hadithi, umemaliza ugomvi wa baba na mtoto na umewapa njia ya kumfikia adui. Katika toleo la 2017 Silas hafi, na kwa hiyo Cyborg hana kinachomsukuma.

Ndiyo maana Cyborg wa 2017 anaonekana kama mtu aliyewekwa kufungua kompyuta. Ya 2021 inampa uwanja wa mpira aliokuwa nyota, kiti cha baba kikiwa tupu jukwaani, ajali, mwili usiokubalika. Kuna kipande kimoja kifupi ambapo anafuatilia akaunti ya benki ya mama mmoja mhudumu wa mgahawa anayelea watoto peke yake, anaona amebakiza nini, kisha anamwongezea fedha kimyakimya. Mama anaishia kulia mbele ya mashine. Ray Fisher anaibeba filamu, na kukatwa kwa sehemu hii mwaka 2017 ni hasara isiyo na utetezi.

Adui

Kati ya maadui wa filamu hizi Loki anashinda, na ushindi wenyewe si wa nguvu. Ana kinyongo tunachokielewa, anaongea vizuri, na mashujaa wanaweza kumjibu. Pale Stuttgart anaupigisha umati magoti na kuwaambia wameumbwa kutawaliwa. Mzee mmoja wa Kijerumani anasimama. Hakuna kombora lenye uzito kama kusimama kwa mzee yule. Halafu kuna mahojiano yake na Black Widow ndani ya manowari inayoruka ya S.H.I.E.L.D., shirika la kijasusi lililokiunda kikosi: anamtukana, mwanamke anageuka mgongo kama anayelia, Loki anapandwa na kiburi na kutoboa siri kwamba shabaha yake ni Hulk. Machozi yalikuwa mtego. Adui mwenye maneno mengi huwapa mashujaa wasio na misuli nafasi ya kufanya kazi.

Steppenwolf wa 2017 hana sababu. Anataka masanduku kwa kuwa filamu inahitaji mtu anayeyataka, na mwisho anaondolewa na askari wake mwenyewe kwa kuwa wamenusa woga. Wa 2021 ni mtu aliyefukuzwa kwao. Anadaiwa na bwana wake Darkseid ulimwengu 50,000 za kuteka kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na anapoongea na msimamizi wake sauti inashuka kama ya mtumwa. Hatishi zaidi, lakini unaelewa kwa nini hachoki. Nyuma yake amewekwa Darkseid, na hapo tatizo linazaliwa: adui wa kweli hapigani na kikosi hiki kabisa, anasubiri filamu ya pili ambayo haikutengenezwa.

Yasiyofaa katika The Avengers

Wapenzi wake huyaruka haya, nasi hatutayaruka.

Mwanzo ni dhaifu. Tukio la kwanza kwenye kituo cha S.H.I.E.L.D. ni giza, maelezo na magari yanayokimbizana, na uhai unaanza Black Widow anapoonekana amefungwa kitini. Hawkeye anachukuliwa akili dakika za mwanzo, kwa hiyo nusu ya filamu kikosi hakina mtu wa sita, na akirudi humjui. Thor anafikaje duniani wakati daraja la kwao lilivunjika katika filamu yake ya 2011? Jibu ni sentensi moja ya Loki kuhusu Odin, baba wa Thor, imepita. Hulk anamkimbiza Black Widow ndani ya manowari akitaka kumuua, halafu Manhattan anatii amri. Bruce Banner, mtu anayegeuka kuwa Hulk, anaeleza kwa mstari mmoja kwamba yeye ana hasira siku zote. Ni mstari mtamu sana, lakini haufafanui kwa nini hakuweza kujizuia saa chache kabla.

Baya kuliko yote ni jeshi la Chitauri. Halina sura, halina lugha, na meli mama ikilipuka wote wanaanguka kwa pamoja. Hila hii inakata mzizi wa vita vizuri vilivyotangulia, kwa sababu ina maana hakuna askari aliyehitaji kushindwa.

Na picha zake ni bapa. Mwanga umetawanyika kila mahali, mavazi ya Captain yanang'aa kama ya gwaride. Umbo la skrini, 1.85 kwa 1, lina sababu njema: Hulk ni mrefu na Black Widow ni mfupi, na fremu ndefu kwenda juu inawachukua wote bila kumkata mtu kichwa. Lakini uzuri wa picha kwa ajili ya picha usiutafute hapa.

Kasi, picha na muziki wa Snyder

Ya 2021 ni kinyume. Picha nyingine ungezitundika ukutani. Gharama yake ni muda, na si muda wote umetumika vizuri. Aquaman akishaingia majini, wanawake wa kijiji cha Iceland wanabaki wakiimba, mmoja akiinusa fulana aliyoiacha, na tukio halina haraka yoyote ya kuisha. Mwendo wa taratibu unatumika kwenye mapigano, na pia kwa mtu anayetembea tu. Wonder Woman kila akitokea, sauti ile ile ya mwanamke anayeomboleza inatokea naye, na kufikia mara ya sita sikio limechoka. Tunakadiria nusu saa ingeweza kukatwa bila kupoteza kitu. Kilichokatwa 2017 kilikuwa saa mbili, tena zile zilizobeba mifupa.

Uhariri wa 2017 una alama inayoonekana kwa macho. Henry Cavill alipoitwa kurudia picha alikuwa na masharubu ya filamu nyingine, Mission: Impossible – Fallout, na Paramount haikumruhusu kuyanyoa. Yakafutwa kwa kompyuta. Tazama mdomo wa juu kwenye video ya simu inayofungua filamu: unajongea kama si wake. Ukishauona huwezi kuacha kuuona, na kila ukiuona unajua hiyo ni picha ya marudio.

Hata hivyo ya 2017 ina mambo mawili ambayo ya 2021 haina, na haki itendeke. Flash, kijana mwenye hofu asiyewahi kupigana, anamwuliza Batman afanye nini. Batman anamwambia aokoe mtu mmoja tu, akishamtoa atajua la kufanya. Ni ushauri wa kweli, na unamfanya Batman awe kiongozi. La pili, uamuzi wa kumfufua Superman unaleta ugomvi mkali: Batman anamchokoza Diana, yaani Wonder Woman, kwa jina la mpenzi wake aliyekufa, naye anamsukuma. Katika ya 2021 kikosi kinakubaliana upesi mno kuhusu jambo zito la kumtoa mtu kaburini. The Avengers inawapita wote hapa, maana mzozo wao ndani ya manowari unatokana na walivyo: Captain America, askari wa Vita Kuu ya Pili asiyependa siri, na Iron Man, tajiri aliyepata mali kwa kuuza silaha.

Watoto na lugha

The Avengers inawafaa watoto wakubwa kiasi. Angalia mambo mawili: Coulson, afisa wa S.H.I.E.L.D., anachomwa kwa nyuma, na Stuttgart kuna jicho la mtu linalochukuliwa, ingawa kamera haionyeshi moja kwa moja. Ya 2021 usiwawekee wadogo. Kuna damu ukutani, kuna kichwa kinachokatwa, na kuna matusi mazito.

Wanaotazama nakala za Kiswahili zenye sauti ya madije, zinazopendwa sana Tanzania na Kenya, wajue hili. Utani wa The Avengers unakaa ndani ya majibizano ya haraka, na sauti ya msimulizi ikipanda juu yake mengi yanapotea. Itazameni kwa sauti yake na maandishi chini. Ya 2021 ina kimya kirefu na inavumilia usimulizi bila kuumia.

Maandalizi

Kwa The Avengers zinatosha mbili: Thor (2011), ili umjue Loki na kinyongo chake, na Captain America: The First Avenger (2011), ili ujue ile Tesseract, mchemraba wa nguvu unaofungua lango, ilitoka wapi. Ukipata nafasi ongeza Iron Man (2008). The Incredible Hulk unaweza kuiruka, maana aliyecheza Banner alibadilishwa na hadithi yake haitegemewi.

Kwa ya 2021 lazima uwe umeona Batman v Superman (2016), vinginevyo hutajua Superman alikufaje na Batman anajutia nini. Tafuta toleo refu la saa tatu. Toleo la sinema lina mashimo. Man of Steel (2013) inasaidia, kwa kuwa mashine na meli zinazotumika kumfufua zilianzia huko.

Usijaribu kumaliza dakika 242 kwa mkao mmoja. Sehemu zimeandikwa wazi kwenye skrini. Malizeni ya tatu usiku wa kwanza, anzeni ya nne kesho yake. Picha itakuja mraba, na nafasi nyeusi kushoto na kulia. Runinga yako haijaharibika: Snyder alichagua umbo hilo la 4 kwa 3. Usibonyeze kitufe cha kukuza ili kujaza skrini, utakata vichwa na miguu, na picha alizipanga kwa urefu.

Baada ya sehemu ya sita hadithi imeisha. Hitimisho linafungua njozi za Batman, Joker na vita vijavyo, ambavyo havikuendelezwa popote. Mwenye usingizi aende kulala.

Kuhusu majina ya mwisho: The Avengers ina vipande viwili, kimoja katikati ya majina kinachomtambulisha Thanos, bwana aliye nyuma ya Loki, na kingine mwisho kabisa, kikosi kizima kikila shawarma bila kusema neno. Ya 2017 nayo ina viwili, mbio za Flash na Superman, kisha Lex Luthor, adui wa Superman. Ya 2021 haina kitu zaidi ya wimbo.